Mohamed Amin, Jicho Lililoiona Korem

Kila niwaulizapo wanafunzi wangu hapa Eldoret ni nani aliyeifichulia dunia njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984, hunitajia waimbaji wa Uingereza. Mmoja wawili husema ni mtangazaji wa BBC. Mkenya aliyeishika kamera hatajwi. Si ajabu, kwani vitabu vya historia huwapa nafasi majemadari na wanasiasa, mtu wa filamu akabaki nje mlangoni.

Mohamed Amin alizaliwa Nairobi tarehe 29 Agosti 1943, mwana wa mfanyakazi wa reli mwenye asili ya Punjabi. Alikulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikojifunza kupiga picha kwa kamera kuukuu. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake, Camerapix. Mwaka uliofuata Mapinduzi ya Zanzibar yalimkuta tayari kazini. Baadaye visiwa hivyo vilimtia gerezani kwa karibu mwezi mmoja, akateswa, na mwaka 1966 akarejea Kenya. Tom Mboya alipopigwa risasi jijini Nairobi tarehe 5 Julai 1969, kamera ya Amin ilikuwapo, na kazi ya siku hiyo ikampatia sifa Uingereza.

Lakini jina lake limefungamana na Korem, kaskazini mwa Ethiopia. Mnamo Oktoba 1984 alifika huko pamoja na Michael Buerk wa BBC. Ukame ulikuwa mkali, ila haukuua peke yake. Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa vitani na waasi wa Tigray na Eritrea, na mwezi mmoja tu uliotangulia ilikuwa imesherehekea kwa fahari miaka kumi ya mapinduzi yake. Kuingia eneo la njaa kulihitaji vibali, na kuvipata kulimtaka mtu ajuaye kubembeleza na kusukuma maofisa. Amin alilijua hilo kuliko wengi. Ripoti yao ilitangazwa tarehe 23 Oktoba, kisha ikarudiwa na stesheni zaidi ya 400 duniani. Kutokana nayo Bob Geldof aliwakusanya wanamuziki, na tarehe 13 Julai 1985 ikafanyika tamasha ya Live Aid huko London na Philadelphia. Mwaka huo huo Amin alitoa filamu yake, African Calvary.

Wako wasomi wanaoshikilia kwamba picha zile zilimvisha Mwafrika vazi la ombaomba ambalo hajalivua hadi leo. Hoja yao ina uzito, nami huijadili darasani. Hata hivyo naona lawama inaelekezwa pasipo pake. Aliyepiga picha hakuwaumba wenye njaa. Waliozikata vita na siasa kutoka katika hadithi, wakabakiza mtoto mwenye mbavu tu, ndio wa kuulizwa. Na kama Amin angeificha kamera yake kwa kuilinda heshima ya bara, maelfu wangezikwa kimya kimya, na watawala wangeshukuru.

Kazi hiyo ilikuwa na bei. Mwezi Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Fundi wake wa sauti, John Mathai, aliuawa. (Jina hili nalo linastahili kuandikwa ubaoni.) Amin alipoteza mkono wa kushoto, akawekewa wa bandia, akajifundisha upya kuishika kamera, akarudi kazini.

Tarehe 23 Novemba 1996 alikuwa akirejea Nairobi kutoka Addis Ababa kwa ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia. Watu watatu waliiteka. Ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazidja, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, akiwamo Amin na mwandishi mwenzake Brian Tetley. Walionusurika walisimulia kwamba dakika za mwisho Amin alikuwa amesimama akibishana na watekaji.

Mwanawe, Salim, aliiendeleza Camerapix, na mwaka 2006 ikatoka filamu Mo & Me, inayomweleza baba ambaye dunia ilimwona mara nyingi kuliko watu wa nyumbani kwake. Ningependa wanafunzi wangu waitazame hiyo kwanza, kabla ya kuzitazama picha za Korem.