Haroun Tazieff, mtaalamu ambaye volkano ya Kivu ilimbadilishia maisha

Mwezi wa 3 mwaka 1948, lava ilipasua ardhi pembeni ya mlima Nyamulagira, kaskazini mwa ziwa Kivu. Idara ya jiolojia ya serikali ya kikoloni ilimtuma kijana wa miaka 33 kwenda kuangalia. Hadi hapo, kazi yake ilikuwa madini. Jina lake: Haroun Tazieff.

Alizaliwa Warsaw mwaka 1914. Baba yake, daktari, aliuawa katika vita ya kwanza ya dunia, na mama akamlea Ubelgiji. Huko alisomea kilimo, kisha jiolojia, mbele ya kuja Kongo kufanya kazi katika machimbo ya Katanga.

Moto wa Nyamulagira ulimgeuza. Mwaka huohuo wa 1948 aliingia ndani ya shimo la Nyiragongo na kuona ziwa la lava likichemka. Alirudi mara nyingi pamoja na wanasayansi kupima joto na gesi. Filamu yake ya mwaka 1959, Les Rendez-vous du diable, ilionyesha volkano kwa watu wengi.

Lakini kwa nini Goma ina volkano na Kisangani haina? Kisangani imekaa juu ya mwamba wa zamani sana, mnene na mgumu. Huku Kivu, ardhi ya Afrika inapasuka polepole: upande wa mashariki unaachana na upande wa magharibi. Ardhi inapovutwa inakuwa nyembamba, na mawe ya moto ya chini yanapanda. Yakipanda, uzito unaoyabana unapungua, nayo yanaanza kuyeyuka. Ndiyo lava yetu. Ufa huo unafika mpaka Afar, Ethiopia, ambako Tazieff aliongoza uchunguzi na kueleza kwamba bahari mpya inazaliwa.

Mwaka 1976, katika kisiwa cha Guadeloupe, serikali ya Ufaransa iliwahamisha watu zaidi ya 70,000 kwa kuogopa volkano ya Soufrière. Tazieff alipinga: kwake, hatari kubwa haikuwepo. Aliondolewa kwenye cheo chake. Volkano ilitulia bila kutoa lava, na watu wakarudi nyumbani.

Miezi michache baadaye, tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 1977, ziwa la lava la Nyiragongo alilolijua vizuri lilimwagika kwa muda usiofika saa moja. Vijiji viliungua na watu wakafa.

Ufaransa, iliyompa uraia mwaka 1971, ilimweka serikalini kuanzia 1984 hadi 1986, ashughulikie kuzuia maafa. Alifariki Paris tarehe 2 mwezi wa 2 mwaka 1998.

Nyiragongo iliwaka tena mwaka 2002, ikachoma sehemu kubwa ya katikati ya Goma, na tena mwaka 2021. Swali lililomgharimu cheo bado liko mlangoni kwa wakaaji wa Goma: kuhama saa ngapi, na kubaki saa ngapi. Bila kupima mlima kila siku, hakuna anayeweza kulijibu.