Duesenberg: Bingwa wa breki aliyefariki kwa ajali ya gari

JINA la Fred Duesenberg huvuma miongoni mwa wapenzi wa magari ya kifahari. Hata hivyo, mchango wake mkubwa zaidi haukuwa fahari hiyo, bali breki.

Duesenberg alizaliwa Ujerumani mnamo Desemba 6, 1876. Baada ya baba yake kufariki, familia ilihamia jimbo la Iowa, Marekani. Huko alishiriki mashindano ya baiskeli na kuziunda, kisha akageukia magari pamoja na nduguye mdogo, August.

Enzi hizo, magari mengi yalikuwa na breki kwenye magurudumu ya nyuma pekee, zikivutwa kwa vyuma au nyaya. Mvuto usipolingana, gurudumu moja hukwama kabla ya jingine. Gurudumu lililokwama haliviringiki bali huteleza, na gari huenda mrama. Breki za mbele ziliogopwa zaidi, kwani magurudumu hayo yakikwama, usukani hautii tena.

Ndugu hao waliamua kutumia mabomba yaliyojaa kiowevu. Kwa kuwa shinikizo la kiowevu husambaa sawasawa, magurudumu yote manne yalibanwa kwa pamoja.

Mtihani mkubwa ulikuja Julai 25, 1921, katika mashindano ya Grand Prix ya Ufaransa mjini Le Mans. Dereva wao, Jimmy Murphy, alikuwa amejeruhiwa mbavu katika ajali ya mazoezi. Hata hivyo, alistahimili takriban kilomita 517 kwenye barabara iliyomeguka mawe na kumshinda mpinzani wake wa karibu kwa karibu dakika 15. Mwaka uo huo, wanunuzi walianza kupokea Model A, gari la kawaida lenye breki kama hizo.

Sifa hazikuleta faida. Mnamo 1926 kampuni ilinunuliwa na E. L. Cord, ambaye alimtaka Duesenberg aunde gari lisilo na kifani. Model J ilizinduliwa 1928.

Julai 2, 1932, gari la Duesenberg aliloliendesha mwenyewe lilipinduka kwenye barabara ya milimani, jimboni Pennsylvania. Nimonia ilimwandama, akafariki Julai 26 akiwa na umri wa miaka 55.

Breki zake zilisawazisha nguvu, lakini hazikuweza kuzuia magurudumu yasikwame kwenye utelezi. Kazi hiyo waliiendeleza wengine, hadi 1978 Mercedes-Benz ilipoanza kuuza magari yenye breki za kielektroniki zinazozuia magurudumu kukwama.