Bent Larsen, bingwa aliyeangushwa na mashine katikati ya mashindano

Wapenzi wa sataranji wanamkumbuka Garry Kasparov kama bingwa aliyeshindwa na kompyuta. Lakini miaka 9 mbele yake, Bent Larsen wa Denmark alikwisha kuonja uchungu ule. Yeye ndiye grandimasta wa kwanza kushindwa na kompyuta katika mashindano makubwa yenye muda wa kawaida wa kufikiri.

Larsen alizaliwa tarehe 4 machi 1935, karibu na mji mdogo wa Thisted. Alianza masomo ya uenjinia huko Copenhagen, akayaacha juu ya sataranji. Mwaka wa 1956, akiwa na miaka 21, alirudi kutoka Olimpiadi ya Moscow na medali ya zahabu na cheo cha grandimasta. Wakati ule Wasovieti walitawala mchezo huu karibu peke yao. Larsen hakuwaogopa, na sare hakuipenda. Mwaka wa 1966, kule California, alimpiga bingwa wa dunia Tigran Petrosian mara mbili. Mwaka uliofuata alishinda mashindano ya Sousse, inchini Tunisia, hapa kwetu Afrika. Na mwaka wa 1970 huko Belgrade, dunia nzima ilipopambana na Wasovieti, Bobby Fischer mwenyewe alikubali kumwachia kiti cha kwanza. Mwaka mmoja tu kiisha, Fischer huyo huyo akampiga 6 kwa 0.

Novemba 1988, Larsen alikuwa Long Beach, huko California, katika mashindano yaliyo wazi. Alikuwa na miaka 53. Kati ya washindani kulikuwa Deep Thought, mashine iliyotengenezwa na wanafunzi wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon. Ilipima mamia ya maelfu ya hali za mchezo kwa sekunde moja. Larsen alipangwa kucheza nayo, akashika kete nyeupe, akapoteza.

Mashine ilimaliza na alama 6,5 juu ya 8, sawa na Mwingereza Tony Miles. Haikuwa na haki ya kupokea pesa, basi zawadi ya kwanza ikabaki kwa Miles. Je, hiyo ilitosha? Mchezaji analipia safari na hoteli, anakuja kushindana na watu. Mmoja anaangukia mashine na kupoteza alama, mwenzake hakutani nayo kamwe. Shida hiyo haitoki kwa kuinyima mashine pesa.

Lakini mlango uliofungwa nao una shida yake. Kampuni ya IBM iliwachukua vijana wale, na mashine yao mpya, Deep Blue, ikapelekwa kwa mpinzani mmoja aliyechaguliwa. Mwaka wa 1997 ilimshinda Kasparov 3,5 kwa 2,5 huko New York. Kasparov aliomba mchezo wa marudiano. Kampuni ilikataa, ikaiweka mashine kando. Kule Long Beach, mtu yeyote aliweza kuhesabu siku mashine iliposhinda na siku iliposhindwa. Kwa Deep Blue tuna michezo michache tu, na mabishano yasiyoisha. Kwa maoni yetu, kampuni inayojivunia mashine yake ingeileta ukumbini, ila wachezaji waambiwe mapema na wakubali wenyewe kabla ya kulipa.

Larsen hakukimbia. Mwaka wa 1993 alikaa tena mbele ya mashine ya IBM, dada mkubwa wa Deep Blue, katika michezo 4 huko Copenhagen. Safari hii alishinda yeye, 2,5 kwa 1,5. Ushindi huo hauzungumziwi sana.

Miaka yake ya mwisho aliishi Argentina, inchi ya mke wake. Alifariki Buenos Aires tarehe 9 septemba 2010, akiwa na miaka 75.