McCracken: Beki aliyefanya sheria ya kuotea ibadilishwe

Ni wanasoka wachache mno ambao ujanja wao uwanjani uliwalazimu wakuu wa mchezo huo kuandika upya sheria. Billy McCracken, beki wa kulia aliyezaliwa Belfast, Ireland, mnamo 1883, ni mmoja wao.

Aliichezea Distillery ya nyumbani kabla ya kujiunga na Newcastle United ya Uingereza mnamo 1904. Huko alitwaa ubingwa wa ligi mara tatu, 1905, 1907 na 1909, pamoja na Kombe la FA la 1910.

Enzi hizo mshambulizi alihesabiwa kuwa ameotea iwapo wapinzani waliosalia kati yake na mstari wa lango hawakufika watatu, kipa akiwemo. McCracken aling'amua kwamba beki mmoja angeweza kusonga mbele kabla ya pasi kutolewa, huku mwenzake akibaki nyuma kama kinga. Hatua chache tu zilitosha, na kipenga kikalia. Mashabiki wa ugenini walimzomea bila kuchoka. Husimuliwa kwamba timu moja ilipowasili stesheni ya Newcastle na mhudumu wa treni akapuliza filimbi, mchezaji mmoja alilalama kwamba tayari wameotea.

Ubishi wake haukuishia uwanjani. Mnamo 1908 alizozana na wakuu wa soka wa Ireland, akidai malipo sawa na ya wachezaji wa Uingereza. Walimtupa nje, adhabu iliyopita kiasi kwa mtu aliyedai ujira wa jasho lake. Ireland ilipotwaa mnamo 1914 ubingwa wa mashindano yake dhidi ya Uingereza, Uskoti na Wales, beki wake hodari hakuwemo. Aliitwa tena baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, umri ukiwa umepita miaka 35.

Aliondoka Newcastle mnamo 1923 kwenda kuinoa Hull City. Miaka miwili baadaye idadi ya wapinzani ilipunguzwa kutoka watatu hadi wawili, kwani mabeki wengi walikuwa wameiga mtego huo. Mabao ya ligi nzima ya Uingereza yaliongezeka kutoka 4,700 hadi 6,373 katika msimu mmoja.

Mnamo 1930 Hull iliibandua Newcastle katika robo fainali ya Kombe la FA, ikalemewa na Arsenal kwenye nusu fainali ya marudiano, kisha ikashushwa daraja msimu huo huo. McCracken aliaga dunia mnamo 1979 akiwa na umri wa miaka 95.