Mary Leakey: Mama Aliyefuata Taya

Jioni pale Lighthouse, meli zikipita kuelekea Kilindini, karibu kila mdomo unatafuna. Huyu ana muhogo wenye pilipili na ndimu, yule ana mabuyu. Hebu weka kidole mbele ya sikio, kisha fungua mdomo taratibu. Mwanzo kifundo cha taya kinazunguka tu mahali pake, kama bawaba ya mlango. Ukizidi kupanua, kinateleza mbele. Na ukitafuna, taya la chini haliendi juu na chini peke yake, linakwenda pia kando, likisaga.

Kuna mama aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta mataya na meno ya kale. Anaitwa Mary Leakey.

Alizaliwa London mwaka 1913. Babake alikuwa mchoraji, akafariki Mary akiwa na miaka 13. Shule ilimshinda, si kwa akili bali kwa utundu, na alifukuzwa mara mbili. Hakuwa na digrii ya chuo chochote alipoanza kazi. Alichokuwa nacho ni mkono wa kuchora. Michoro yake ya zana za mawe ndiyo iliyomkutanisha na Louis Leakey, mzaliwa wa Kabete, na mwaka 1936 wakaoana.

Mwaka 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Ziwa Victoria, Mary aliona meno yakichomoza ardhini. Lilikuwa fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani wakubwa aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Alilipeleka Uingereza mwenyewe kwa ndege.

Halafu ikaja Olduvai, Tanzania. Tarehe 17 Julai 1959, Louis alikuwa mgonjwa kambini. Mary akatoka na mbwa wake, akaona kipande cha mfupa, kisha magego makubwa ajabu. Kiumbe huyo aliitwa Zinjanthropus. Sikiliza jina vizuri: Zinji ndivyo mabaharia wa Kiarabu walivyoiita pwani hii yetu zamani. Baadaye umri wake ulipimwa, ukawa takriban miaka milioni 1.75.

Tatizo moja tu: taya la chini halikuwapo. Mwaka 1964, huko Peninj karibu na Ziwa Natron, Mkenya Kamoya Kimeu aliona taya la chini la kiumbe wa aina hiyo hiyo. Sasa watafiti wakaweza kuelewa vizuri zaidi mashine nzima ilivyofanya kazi: misuli minene iliyoshikilia ukingo wa mfupa utosini, na magego mapana ya kusaga. Watu walimbandika jina la mvunja karanga. Kumbe utafiti wa mwaka 2011, uliopima enameli ya meno ya jamaa zake wa Kenya, ulionyesha walikula zaidi mimea ya jamii ya nyasi. Si kuvunja basi, ni kusaga kutwa.

Sasa hapa ndipo daktari wa meno anapoingia. Akishaziba jino, hukupa kikaratasi cha rangi uume, halafu hukuambia usage huku na huku. Kwani si ameshaona ukiuma? La. Jino linaweza kukaa sawa ukifunga mdomo, kisha likagonga mwenzake taya linapokwenda kando. Ndiyo maana hata meno bandia hupimwa kwa mwendo wa taya. Na anayesaga meno usingizini, daktari humjua kwa magego yaliyolika.

Vita vikubwa vya Mary vilikuwa juu ya taya pia. Mwaka 1974, Maundu Muluila, aliyekuwa katika kikosi chake, alipata taya la chini Laetoli, lenye zaidi ya miaka milioni 3.5. Mwaka 1978 Donald Johanson na wenzake walilifanya kielelezo rasmi cha Australopithecus afarensis, jina linalotokana na Afar, Ethiopia. Mary hakukubali taya la Laetoli libebe jina la mbali, wala hakuona ushahidi umetosha. Alitaka jina lake liondolewe kwenye makala, na likaondolewa. Hoja yake haikushinda, jina lile linatumika hadi leo. Lakini hakutia sahihi kitu asichokiamini, hata kama kingemletea sifa.

Mwaka huo huo nyayo za kale za Laetoli, za viumbe waliotembea wima, zikaanza kufukuliwa na kikosi chake. Alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996. Vyuo vikubwa vilikuwa vimeshampa digrii za heshima, yeye msichana aliyefukuzwa shule.

Basi ukirudi kwenye muhogo wako, tafuna polepole. Na taya likianza kuuma au kukwama, usingoje: muone daktari wa meno.