Günter Wagner na Anga la Wabukusu

Miongoni mwa wataalamu walioichunguza jamii ya Wabukusu, Günter Wagner ana nafasi ya pekee. Mjerumani huyu alizaliwa mwaka wa 1908. Akiwa kijana alipata mafunzo kwa Franz Boas nchini Marekani, akakusanya hadithi za Wayuchi wa Oklahoma zilizochapishwa mwaka wa 1931. Boas alishikilia kwamba fikra za jamii hueleweka kupitia lugha na masimulizi yake yenyewe.

Kuanzia mwaka wa 1934 hadi 1938, Wagner alifanya utafiti magharibi mwa Kenya miongoni mwa Walogoli na Wabukusu, ambao makazi yao yanaenea kutoka Matulo na Bungoma kuelekea Kitale. Kati ya aliyoyaandika mna kisasili cha uumbaji. Mungu, Wele Khakaba, aliumba mbingu kwanza, akaitegemeza kwa nguzo pande zote mfano wa paa la msonge. Kisha akawaumba ndugu wawili, Mwezi na Jua. Mwezi, aliyekuwa mkubwa, aling'aa zaidi. Jua akaona wivu, wakashikana mieleka. Hatimaye Jua alimwangusha Mwezi na kumpaka matope. Mungu akaamua Jua aangaze mchana, Mwezi usiku.

Kisasili hiki si burudani tupu. Mabaka ya mwezi na uhafifu wa nuru yake ni mambo yaonekanayo kwa macho. Msimulizi aliyafafanua na kuyahifadhi katika hadithi. Thamani ya ushahidi wa aina hii hudhihirika ukilinganishwa na ule wa Namoratunga, karibu na Ziwa Turkana, mbali kaskazini mwa Kitale. Mwaka wa 1978, Lynch na Robbins walidai kwamba nguzo 19 za mawe mahali hapo zilielekezwa kwenye nyota za kalenda ya Waborana. Mwaka wa 1982, Robert Soper alionyesha kwamba mawe hayo yana usumaku unaopotosha dira. Mawe hayasemi, ndiyo maana watafiti wa leo huunganisha vipimo, akiolojia na masimulizi.

Wagner alifariki mwaka wa 1952. Juzuu ya kwanza ya kitabu chake kuhusu Wabantu wa Kavirondo Kaskazini ilikuwa imetoka mwaka wa 1949. Ya pili ilitoka mwaka wa 1956. Makala yake kuhusu imani za Waluhya, yenye kisasili hiki, yalichapishwa mwaka wa 1954. Yote hayo yaliandikwa kwa Kiingereza, ilhali wenye maarifa walikuwa wasemaji wa Lubukusu. Msamiati wa anga katika lugha hiyo ungali unamsubiri mwanafunzi wa fasihi simulizi, maadamu wazee wangalipo.