Eva Perón: Aliyefichwa jina la maradhi yaliyomuua

ALIPOFARIKI dunia jijini Buenos Aires mnamo Julai 26, 1952, Eva Perón, mkewe Rais wa Argentina, alikuwa na umri wa miaka 33 pekee. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo iliyokatiza uhai wake, ingawa jina la maradhi hayo alifichwa.

Alizaliwa Mei 7, 1919 huko Los Toldos, nje ya ndoa, na kulelewa katika uchochole. Akiwa na umri wa miaka 15, alihamia mji mkuu kutafuta kazi ya uigizaji na hatimaye akavuma redioni.

Januari 1944, katika hafla ya kuwachangia waathiriwa wa tetemeko la ardhi la San Juan, alikutana na Kanali Juan Perón. Walifunga ndoa Oktoba 1945, na mwaka uliofuata Perón akaingia ikulu.

Eva hakuridhika kuwa pambo la ikulu. Aliwapigania wanawake hadi wakapata haki ya kupiga kura mnamo 1947. Mwaka wa 1948 alianzisha wakfu uliojenga hospitali, shule na makao ya wazee.

Mapema mwaka wa 1950 alifanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Tangu hapo afya yake ilizidi kuzorota. Agosti 1951, licha ya umati kumshinikiza awanie wadhifa wa makamu wa rais, alijiondoa.

Novemba 6, 1951, daktari George Pack kutoka New York alimpasua na kuondoa kizazi. Pack aliingia chumbani mgonjwa akiwa tayari amelazwa kwa dawa ya usingizi, hivyo Eva hakumtambua. Siku tano baadaye alipigia kura yake kitandani hospitalini.

Hata hivyo, saratani ilirejea baada ya miezi michache. Maradhi haya husambaa kupitia tezi za limfu za nyonga, na huweza kujitokeza kama mitoki kinenani hata baada ya upasuaji. Si kila mtoki ni saratani, kwani maambukizi ya kawaida pia huuleta. Lakini aliyewahi kupasuliwa anapaswa kurudi kwa daktari mara auonapo.

Aurelia Tizón, mke wa kwanza wa Perón, naye alikuwa ameangamizwa na saratani ya kizazi mnamo 1938. Wakati huo haikujulikana kuwa saratani ya mlango wa kizazi husababishwa na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa njia ya kujamiiana.

Leo ipo chanjo, ambayo Kenya ilianza kuwapa wasichana wa umri wa miaka 10 mnamo 2019. Upo pia uchunguzi unaogundua dalili za awali kabla saratani haijakomaa. Eva alikosa kinga hizo, na hata haki ya kuambiwa ukweli kuhusu mwili wake alinyimwa.